Kwa Nini Niliiba Kitabu cha Bibi Elena

Zena mwanangu,

Salamu nimekupa asubuhi ulipoamka na kesho nitakupa nyingine, kwa hiyo hapa naziruka. Nimekutuma uzunguke kuaga watu, na najua utachelewa, maana kwa Mama Chibago peke yake hutatoka kabla hujalishwa. Jua bado liko juu. Nimekaa mlangoni, ubao wa marehemu babu yako uko magotini na karatasi iko juu yake. Naandika kwa herufi alizonifundisha yeye kwenye chuo chake cha Kurani, nami nikakufundisha wewe kabla mtu mwingine yeyote hajakushikisha kalamu. Naona nimeanza kwa kujisifu. Nivumilie, utaona kwa nini.

Mambo ya nguo na chakula na kulala sitakuandikia. Huko Tabora utakaa kwa mama yako mkubwa, naye ana mdomo wa kutosha kukuambia hayo kila siku. Mimi nataka kukuandikia jambo moja ambalo hujawahi kuniuliza. Ni mwaka na zaidi tangu mji mzima ujue kwamba aliyeiba kitabu cha Bibi Elena ni mimi. Ulininyamazia siku nyingi, kisha ukaanza kusema nami tena, tukapika, tukala, hata tukacheka. Lakini hukuniuliza kwa nini. Labda uliliogopa jibu. Kesho unapanda gari la moshi kwenda kushona kwenye duka analofungua Bibi Elena huko, kumwona kila siku, nami sitaki ukae huko unajijibu mwenyewe.

Nilikuwa na wivu. Hilo ndilo jibu, na mtu mwingine angeishia hapo. Lakini wewe ni msichana wa hadithi, utataka ilivyoanza.

Unakumbuka walivyokuja. Reli ilikuwa imetufikia, mji umejaa wageni, vumbi haliishi. Bwana Yorgo alikuwa mkandarasi wa kuchonga mawe ya madaraja, na Wagiriki wenzake walikaa kambini njia nzima hadi huko mbele. Sisi tulizoea Wadachi waliotutawala kutoka bomani. Hawa walikuwa Wazungu wa namna nyingine. Wadachi hawakuwakaribisha mezani, nao walikula pamoja, wakigombana kwa sauti na kushikana mabega kama watu wa kwetu. Mke wa Yorgo alikuwa mwembamba, daima kavaa nguo nyeusi, hana mtoto. Alipotafuta msichana wa kumchotea maji na kumsaidia kushona, nilikupeleka mimi mwenyewe. Nilikushika mkono hadi barazani kwake, nikakusogeza mbele, nikasema, "Huyu anajua kusoma." Nilitaka akuone kuwa wewe si msichana wa hivi hivi tu. Basi akakuona.

Mwaka wa kwanza sikuona baya. Nilipika uji wa uwele, nikaupeleka kwa vibarua wa mawe, nikapita uani kwake, nikakukuta unashona. Kisha ukaanza kuokota lugha yao. Ukaanza kuniambia habari za kile kitabu.

Nilidhani mwanzoni ni kitabu cha dini. Ukacheka. "Hapana mama, anaandika hadithi. Za watu ambao hawapo." Sikuelewa kwa nini mtu mzima aandike kila siku habari za watu ambao hawapo. Ukanieleza: kuna mama mmoja, Katerina, na wanawe watatu, waliotoka kisiwa chenye mawe mengi na maji machache. Wakaenda Misri kwanza, kisha wakavuka kuja huku kufuata kazi ya reli. Mama Katerina akawa anawapikia wajenzi. Mtoto wake wa mwisho, Petro, hataki kukaa, anataka kurudi kisiwani kwao, na mama hajui amwachie au amzuie.

Na Jumapili ulinionyesha wasikilizaji wake. Nami nilisimama nyuma ya ua na chungu changu cha uji, nikawatazama. Wanaume kumi na zaidi, waliotoka kambini kwa miguu, ndevu zimejaa vumbi, kofia ziko mapajani. Yeye anasoma, wao wanalia. Sijawahi kuona wanaume wakilia hadharani namna ile bila maiti. Yule mchonga mawe mnene akainuka akapiga kelele, nawe ukaninong'oneza alichosema: "Mama yangu mimi asingesema hivyo!" Bibi Elena akamjibu taratibu kwamba huyo si mama yake. Yule mtu akasema, "Basi mbona analia kama yeye?" Akakaa chini, akafunika uso kwa kofia.

Siku ile, Zena, nilimwogopa yule mwanamke. Nilijiambia, mtu anayeweza kuwafanya hivi wanaume wenye mikono kama nyundo, mtoto wangu atamfanya nini?

Wewe ukaanza kuzisimulia hadithi zile kwa Kiswahili kule kwenye visima vya mchangani. Unajua kiangazi cha kwetu: maji yanatoka chini ya mchanga kidogo kidogo, unachota kata moja, unasubiri, unachota nyingine. Wanawake wana muda mwingi pale. Ukawajazia muda huo. Nikaanza kusikia sokoni wanawake wanabishana. Mama Chibago, ambaye hajawahi kutoka Ugogo, ananiambia, "Yule Katerina mjinga, angemwachia Petro aende zake. Mtoto wa kiume ukimfunga anaoza." Mwingine anamwambia, "Wewe umezaa saba, ndiyo maana unaona rahisi." Wakija hapa nyumbani wananiamkia haraka haraka, kisha, "Zena yupo? Tunataka kujua kama barua ilimfikia Petro."

Hakuna aliyeuliza habari zangu. Na mimi ndiye niliyekuwa nakusimulia hadithi kabla Mgiriki yeyote hajaijua Dodoma. Za sungura, za majini wa Unyanyembe, za safari za baba yako. Siku moja nilianza moja ya zile za zamani tukiwa tunapepeta uwele, ukaniambia kwa upole kabisa, "Hiyo naijua, mama." Hukukusudia kunichoma. Lakini nilinyamaza siku nzima, nawe hukugundua, na kule kutogundua ndiko kulikoniuma zaidi.

Tangu hapo nikaacha kwenda kisimani. Nikawa nakutuma wewe, nasema mgongo unaniuma. Mgongo ulikuwa mzima. Sikutaka kusikia hadithi za yule mwanamke kinywani mwako mbele za watu wote. Likumbuke hili, maana ndilo kosa langu la kwanza, na kwa maoni yangu ndilo kubwa kuliko la wizi.

Kulikuwa na Mgiriki mmoja, Manoli, mwenye kiduka cha chumvi na mafuta, anayejua Kiswahili vizuri. Nilikwenda kununua chumvi. Akanitazama akicheka, akasema, "Mama Zena, binti yako amekuwa mtu mkubwa. Yumo kitabuni."

"Yumo vipi?"

"Bibi kamtia msichana mpya. Anaitwa Zenovia. Mweusi, mwerevu, ana kovu dogo juu ya jicho. Ni nani kama si wako? Katerina amemchukua akamlea kama mwanawe. Watu wa kambini wanampenda kuliko hata Petro."

Nikauliza, na nilijua ninauliza nini, "Na mama yake huyo msichana?"

Manoli akapima chumvi. "Hana. Yatima. Alikutwa njiani peke yake."

Sikumbuki kama niliichukua ile chumvi. Nakumbuka kwamba nilifika nyumbani nikakaa pale mlangoni ninapokaa sasa. Kovu lile ulilipata ukiwa na miaka mitatu, uliangukia jiwe la kusagia, nami ndiye niliyelibana kwa kidole changu hadi damu ikakoma. Na yeye amelichukua kovu, amekuchukua wewe mzima, akanifukia mimi kwa wino. Nimekufa na watu wanakaa Jumapili wanasikiliza, na hakuna hata mmoja anayeuliza nimezikwa wapi.

Ulipokuja jioni ile na kusema, "Mama leo amefurahi sana kwa mshono wangu," nikakuuliza, "Mama yupi?" Ukashika mdomo. Ulikuwa umemwita yeye.

Kesho yake nikakichukua.

Haikuwa vigumu kukipata. Mzee Bakari, yule mlinzi wao aliyetoka Busi, alinifungulia lango mwenyewe, akanisaidia kutua chungu. "Karibu, Mama Zena. Uji wako leo unanukia." Bibi Elena alikuwa nyuma anamfunga dawa kibarua aliyepondwa kidole. Kitabu kilikuwa mezani barazani, kizito, jalada la ngozi, kalamu iko juu. Niliitoa kalamu nikaiweka chini kwa adabu kana kwamba hilo lingenipunguzia dhambi. Nikatia kitabu kwenye kapu chini ya bakuli. Mzee Bakari akanifungulia tena lango wakati wa kutoka, akaniambia nipite salama.

Nyumbani nikakizika chini kabisa ya kihenge, juu yake uwele.

Nilidhani nini? Nilidhani kikipotea utalia siku mbili, kisha utarudi kwangu. Ulilia kweli. Lakini ulikwenda kulia kwake. Mlikaa barazani nyinyi wawili mmeshikana mikono kama watu waliofiwa na mtu mmoja, nami nilipita na chungu changu nikaona kwamba nimewasogeza karibu zaidi kuliko kitabu chenyewe kilivyowasogeza. Na bado, nisikudanganye, moyoni nilifurahi kumwona macho yamemvimba.

Hilo ndilo lililonifunga mdomo walipomshika Mzee Bakari. Mtu alimwona anasokota tumbaku kwa kipande cha karatasi chenye maandishi ya Kigiriki. Kilikuwa kipande cha barua ya zamani, kimetupwa, lakini Bwana Yorgo alikuwa na hasira na hakutaka maelezo. Akampeleka bomani. Wewe ulikuja nyumbani ukasema, "Mama, mimi siamini. Mzee Bakari hawezi." Nikakujibu, "Watu hawajulikani." Nilikujibu hivyo huku naukoroga uji. Kihenge kilikuwa nyuma yangu.

Nilijiambia watamfukuza kazi, basi, atapata nyingine. Siku ya tatu nikapita karibu na boma na uji wangu, nikakuta watu wamesimama. Wanamchapa hamsa ishirini, viboko ishirini na vitano. Askari anahesabu kwa sauti. Mzee wa watu, mwenye wajukuu, amelazwa kifudifudi. Nilisikia hadi saba. Ningeweza kupiga kelele. Lango lilikuwa wazi, nilikuwa hatua thelathini tu. Miguu ilienda upande wa pili. Zena, nimefikiri sana juu ya miguu yangu ile. Watu husema wivu ni moto. Wangu haukuwa moto. Ulikuwa baridi, ulinigandisha, nikatembea na chungu kichwani bila kumwaga hata tone.

Nilipofika nyumbani nikaumwaga uwele wote uani. Nikakitoa kitabu. Unakumbuka ulikuta uwele umetapakaa na kuku wanakula, ukadhani tumeingiliwa. Jalada lilikuwa zima. Nikalifungua. Ndani hamkuwa na kitabu. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka chini, wamekula kurasa zote wakaacha udongo mwekundu, na vipande vya pembeni vyenye neno moja moja. Kazi ya miaka miwili. Nikaibeba ile ngozi na udongo wake hadi kwa Bibi Elena, na sasa nakueleza tuliyosemezana, maana yeye hakukuambia na mimi sikukuambia.

Alikuwa peke yake. Nikaweka kitu kile mezani, nikasema, "Mwizi ni mimi. Mzee wa watu hana kosa."

Aliligusa jalada, akalifungua, udongo ukamwagika mapajani. Hakupiga kelele. Kisha akaniuliza kwa Kiswahili chake, "Kwa nini, Mama Zena?"

"Umemwandika mtoto wangu yatima. Mimi niko hai. Kila siku napita hapa na uji, unaniona, unaniamkia. Umeniua kwa kalamu."

Akainua uso. Sijawahi kuona uso wa namna ile, wenye hasira na aibu kwa pamoja. Akasema, "Nilijaribu kukuandika. Mara tatu nilijaribu. Kila nikikuingiza wewe, msichana anaondoka na wewe. Haniangalii tena. Haniangalii mimi." Akapiga kifua chake. "Mimi nakaa hapa barazani, nakuona kule uani kwako unamsuka nywele. Anaweka kichwa hapa." Akajipiga paja. "Kila Ijumaa. Mimi nina kitabu. Wewe una kile kichwa. Nilikuonea wivu, mama. Nikakuondoa."

Mtoto wake wa kike alimzika baharini wakati wa kuja huku. Hilo hukulijua, nami nisingekuambia bila idhini yake. Nimemwomba, akanipa.

Sikumkumbatia. Hatukulia pamoja. Nilitamani kumpiga, nadhani na yeye alitamani kunipiga. Mwishowe akasema, "Kwanza mzee," nami nikasema, "Kwanza mzee," na tukaondoka pamoja kwenda bomani, yeye mbele, mimi nyuma, ingawa tulikuwa tumekwisha kuchelewa.

Bwana Yorgo alitaka nichapwe na mimi. Bibi alikataa. Sikumshukuru, maana niliona si haki nipone kwa sababu ya mwanamke niliyemwibia, wakati aliyenifungulia lango hakupona. Nikaenda kwa Mzee Bakari, kibandani kwa mkwewe alipokuwa amelala kwa tumbo. Nikamwambia yote, nikiwa nimepiga magoti. Alinisikiliza bila kugeuza kichwa. Kisha akasema, "Mgongo utapona. Jina haliponi lenyewe. Wewe ndiwe utakayeniponyesha."

"Nifanyeje, babu?"

"Unajua."

Nilijua. Siku ya soko nikasimama kati ya wauza nafaka, nikasema kwa sauti kuwa aliyeiba ni mimi, na Bakari wa Busi ni mtu safi. Wewe ulikuwepo, umebeba kapu la karanga. Niliona ulivyolitua. Ulinitazama mara moja ukaondoka, na kwa siku arobaini hukunisemesha ila kwa lazima. Mzee akarudishiwa kazi, akaikataa, akarudi kwao Busi kwa miguu yake mwenyewe. Kabla hajaondoka alipita hapa akaniamkia. Hakuniambia amenisamehe. Aliniamkia tu, na mimi nikachukua hicho nilichopewa.

Sasa nakuja kwenye jambo lililonivunja kuliko yote.

Bibi Elena alikuwa hana kitabu tena. Alisema hawezi kukumbuka, alikuwa akiandika na kufuta, akiandika na kufuta. Ukamwambia wewe unakikumbuka chote, maana umekisimulia. Mkaanza, wewe unasema, yeye anaandika. Mahali uliposahau ulisema, "Ngoja, nitawauliza wa kisimani." Akaja Mama Chibago, akaja yule mwenye mapacha, na wengine, wamekaa chini barazani kwa Mgiriki na mitungi yao, kila mmoja anakumbuka kipande. Na Jumapili wale wanaume wa kambini wakaleta vyao. Kitabu kikarudi kwa midomo ya watu waliokipenda.

Nilikuja siku moja na uji. Sikuwa nimealikwa. Nikasimama penye nguzo. Mama Chibago alikuwa anasema, "Sasa hapa ndipo Zenovia anaingia. Na mama yake."

Bibi Elena akasimamisha kalamu. "Mama yake?"

"Eeh, mama yake, muuza uji. Yule mkali. Anayegombana na Katerina kuhusu chumvi." Wanawake wote wakacheka. "Mimi huyo ndiye nampenda kuliko wote. Unakumbuka alivyombana mtoto kovu kwa kidole?"

Ukainamisha kichwa, Zena. Hukujua kwamba niko nyuma yako. Ukasema kwa sauti ndogo, "Kitabuni hakuwepo. Mimi ndiye nilimtia. Sikuweza kusema hana mama. Nilijaribu, ulimi ulikataa."

Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Tangu Zenovia alipoingia kwenye hadithi, kule kisimani alikuwa na mama. Wanawake wote wa mji huu walinijua, walinicheka, walinililia, miezi na miezi, na mimi nimejifungia hapa nikisingizia mgongo. Ningekuja kisimani siku moja tu. Siku moja ningeketi na mtungi wangu nikasubiri maji kama wengine, ningekusikia. Mzee Bakari asingechapwa. Badala yake nilimsikiliza Manoli kwenye mizani ya chumvi.

Niliweka uji chini nikaenda zangu. Ndiyo sababu ulikuta chungu pale na hukumwona mwenyewe.

Sikuandikii haya ili unihurumie. Nakuandikia kwa kuwa nadhani umerithi. Nimekuona ulivyomtazama yule mpwa wa Bwana Yorgo alipoletwa, na Bibi akawa anamfundisha kushona kola. Ulikaza shingo. Ninaijua shingo ile, ni yangu. Huko Tabora atakuwa na wasichana wengine, na mmoja atakuwa na mkono mwepesi kuliko wako, na Bibi atamsifu mbele yako. Itakuuma. Sitakuambia isikuume, mimi nimeshindwa hadi leo. Nakuambia nenda karibu. Kaa pale pale panapouma usikie mwenyewe linalosemwa. Mimi kila nilipoondoka ili nisiumie, niliharibu kitu.

Nilimfanyia hivyo hata baba yako. Hili hujalisikia. Alikuwa akirudi safari na mizigo ya watu, wewe unamkimbilia, unapanda mabegani, hunijui tena siku tatu nzima. Mimi niliyekulisha miezi yote naonekana kama mtumishi. Safari yake ya mwisho nilinuna. Alisimama nje akasema, "Mke wangu, nakwenda," nikamjibu kutoka ndani, "Nenda." Sikutoka. Walikuja kuniambia amekufa kwa homa Kilimatinde. Nimekaa na lile neno langu miaka kumi na miwili.

Juzi nilikuambia sitafika stesheni kesho kwa sababu ya kazi. Hakuna kazi. Sikutaka kukuona unapanda behewa naye. Nitafika. Nitasimama mbele, na yeye nitamwamkia wa kwanza, na kama uso wangu utakuwa mbaya, utazame hivyo hivyo.

Ukitaka kumwita mama, mwite. Nimelifikiria hili kwa wiki nzima na limenigharimu. Usishike tena mdomo. Aliyeumia hapa ni mimi, wewe hujaiba kitu.

Tena nikuambie la leo, kisha nikunje karatasi, maana nasikia sauti yako kwa jirani. Mchana ulipotoka tu, Bibi Elena alikuja hapa. Alikaa kwenye kigoda chako. Alikuwa na kijidaftari, akaniuliza, "Akiumwa, nimfanyie nini? Mama mkubwa anakaa mbali na duka." Nikatazama kalamu yake. Nikamwambia ukiwa na homa hutaki kufunikwa miguu. Nikamwambia ukinyamaza sana ndipo uulizwe, ukilalamika hujambo. Nikamwambia uji uwe mwepesi, karanga zisagwe mara mbili. Aliandika yote, neno kwa neno, kama mwanafunzi, nami nikawa nasema polepole ili asikosee.

Akauliza, "Kuna kingine?"

Kilikuwepo. Lile jina ninalokuita ukiwa mgonjwa, ninalokuitia sikioni, ambalo hata baba yako hakulijua.

Nikamwambia, "Hakuna."

Mama yako,
Mwanaidi binti Saidi